Koti Lililorudi kutoka Loire

Mwanamke yule hakupiga hodi. Alitokea tu mlangoni mwa kibanda cha ushonaji, mkoba wa magurudumu nyuma yake, na mikononi amelibeba koti la mwanamume kama mtu anayembeba mtoto aliyelala.

Zuhura alilitambua koti kabla hajauona uso. Atakosaje kulitambua? Alilishona mwenyewe mwezi wa saba, baridi ya Johannesburg ikimng'ata vidole, kitambaa cha sufu cha kijivu alichokitafuta mitaani kwa Wahindi mpaka miguu ikauma. Na koti hilo, kwa maelezo ya mpenzi wake Suhaib, lilipotea uwanja wa ndege wa Paris.

"Bonjour, mama," alisema mgeni. "Niko natafuta Zuhura, fundi. Wamenionesha hapa, chini ya hii bilding, karibu na robot, hizi taa za barabara."

"Ndiye mimi."

"Ah, vraiment ni weye!" Mgeni alitabasamu, akamtazama Zuhura kuanzia mtandio hadi ndara, halafu akarudi tena juu. "Mi niko Héritière. Nimetoka Ufaransa, kule Loire. Suhaib aliacha hii kwetu nyumbani."

Neno hilo la mwisho lilipita kibandani kama upepo wa mlango uliofunguliwa ghafla. Denise, msusi wa Kikongo aliyekodi nusu ya kibanda hicho, aliacha rasta za mteja zikining'inia. Hata cherehani ya Zuhura ilinyamaza, kwa sababu mguu wake ulikuwa umesahau kukanyaga.

"Kwenu nyumbani," Zuhura alirudia polepole.

"Ndiyo. Mi ndiye nilikuwa namtafsiria. Patron wao, ule meneja, alileta wahudumu watatu wa restaurant kuona mashamba ya zabibu na yale makasri, na huyu mmoja hakujua Kifaransa hata kidogo. Ile siku aliniskia nasema na mama yangu Kiswahili kwa simu, karibu alie!" Akacheka. "Mi ni mtu wa Uvira, kule Kongo. Tukawa tunazunguka pamoja."

"Mkawa mnazunguka pamoja."

"Mashamba, makasri, yote. Kule Chambord kuko ngazi mbili zimejisokota moja ndani ya ingine. Yeye akapanda huku, mi nikapanda kule. Unamuona mwenzio kwa madirisha, lakini hamukutani mpaka juu."

Zuhura aliijua ngazi hiyo. Suhaib alimsimulia jioni ya kwanza aliyorudi, wakiwa wameketi kwenye benchi pale Braamfontein, miti ya jakaranda ikiwamwagia maua. Alimsimulia kasri lililojengwa juu ya mto kama daraja, na mapango yaliyochimbwa ndani ya jabali jeupe, mapipa ya mvinyo yakilala gizani. Alimsimulia na ngazi. "Nilipanda peke yangu," alisema, "nikawa nakuwaza wewe upande wa pili."

Peke yangu!

"Na maneno ya ndani ni mazuri sana," Héritière aliendelea, akalifunua koti. "Mama yangu alisoma akasema, huyu mwanamke anapenda."

Hapo Zuhura alihisi uso ukimwaka. Bitana ya koti lile ilikuwa kanga. Aliikata kanga aliyotoka nayo Tanga, akaipima kwa uangalifu ili jina lake liangukie upande wa moyo: *Nenda ukijua nakungoja.* Hakumwambia mtu. Kwao mwanamke anaweza kukaa mwaka mzima asiseme alilo nalo moyoni, akaivaa tu kanga ikasema badala yake. Na yeye hilo lake alilishonea ndani, lisomwe na mtu mmoja peke yake. Sasa limeshasomwa na binti wa Uvira pamoja na mama yake, mezani kwao, Ulaya.

Alinyoosha mkono, akalipokea. Vidole vyake vilipita juu ya kitambaa kwa mazoea, vikafika kwenye kifungo cha pili, vikasimama.

Kifungo kile hakukishona yeye. Yeye alitumia uzi wa kijivu. Huu ulikuwa mweusi, umepitishwa msalaba.

"Nani alishona hiki?"

"Ah, hicho? Ni mi. Kilikuwa kimekatika."

"Kilikatikaje?"

Héritière alikitazama kifungo. Tabasamu lilipungua. "Hiyo Suhaib atakwambia mwenyewe. Alinitaka niahidi nisiseme mambo ya kule pangoni, na mi nikaahidi. Nilikuja huku kwa ndoa ya kaka yangu Pitchou, nikasema, wacha nimuletee koti lake."

"Ahsante. Umelifikisha."

"Mama, usiwaze vibaya..."

"Nimesema ahsante, dada. Wateja wananisubiri."

Hapakuwa na mteja hata mmoja upande wake. Héritière alimtazama kidogo, akatikisa kichwa, akavuta mkoba wake hadi barabarani. Magurudumu yalisikika yakigongagonga lami mpaka yakapotelea kwenye kelele za teksi.

Denise alisubiri mpaka hapo. Denise hakuwa mtu wa kusubiri sana.

"Eh, Zuhura! Mwanamke anavuka dunia nzima kuleta koti? Mi, mwanaume wangu aliacha suruali kwa dada yangu hapo Yeoville tu, haikurudi mpaka leo."

"Denise, nyamaza."

"Ninanyamaza. Lakini kwenu Tanga kuko methali, weye ulinifundisha. Kinachokula..."

"Kikulacho ki nguoni mwako."

"Voilà! Na hii imekuja na nguo yenyewe."

Mteja wa Denise alicheka. Zuhura hakucheka. Alilivisha lile koti kwenye sanamu la kupimia nguo, akarudi nyuma hatua chache, akalitazama kama mtu anayemtazama mgeni asiyeaminika. Mambo ambayo kwa wiki mbili aliyafukia yakaanza kufukuka yenyewe. Suhaib siku hizi hapokei simu akiwa kazini. Alikuwa akimtumia picha za meza alizozipanga, vitambaa vyeupe, bilauri zinazometa; tangu arudi, hakuna hata picha moja. Na vidole vyake! Juzi alimshika mkono akakuta ncha zimekunjamana kama za mtu aliyefua kutwa, zinanuka sabuni. Alipouliza, Suhaib alicheka tu: "Bilauri za wageni, mpenzi. Lazima zing'ae."

Kumbe hayo yote yalikuwa yanamwita, naye akaziba masikio kwa sababu kesho ilikuwa posa.

Ndiyo, kesho. Jumapili, baada ya swala ya alasiri, Mzee Jumbe, mkubwa wa watu wa Tanga pale mjini, angemtangulia Suhaib kwenda kwa Ba'mdogo Salum kumposa Zuhura. Na posa hiyo haikupatikana kwa urahisi. Ba'mdogo Salum, aliyemlea Zuhura tangu baba yake alipofariki, alikataa mara mbili. "Simkatai kijana kwa sura wala kwa ukoo," alisema. "Namkataa kwa sinia. Kazi yake kutwa ni kubeba mvinyo kwenye sinia. Leo anabeba, kesho ananusa, keshokutwa anaonja." Aliposikia kijana anapelekwa nchi ya mvinyo wenyewe, akapiga kofi goti lake: "Basi! Fisi kapelekwa buchani!"

Zuhura alilia siku ile. Akaapa kwamba Suhaib haonji, na hataonja huko aendako, amemwahidi. Ba'mdogo akalainika.

"Sikiliza, mwanangu. Pombe huonekana, itanuka tu. Kinachonitisha mimi ni uongo, kwa sababu hauna harufu. Nipe ahadi moja ndogo. Siku utakayojua kijana huyu amekudanganya, hata kwa jambo dogo kama sindano, utakuja kuniambia kwa kinywa chako, siku hiyo hiyo, kabla jua halijazama. Ukinipa hiyo, mimi namfungulia mlango."

"Nimekupa, Ba'mdogo," Zuhura alijibu, akicheka machozi hayajakauka. Wepesi ulioje wa kuahidi jambo usiloamini kwamba litakuja kudaiwa!

Sasa alilitazama jua. Lilikuwa limeegemea upande wa mnara wa Hillbrow.

* * *

Suhaib aliingia akipiga mluzi, mfuko wa magwinya ya moto, maandazi ya huku, mkononi. Kila Jumamosi alikuja nayo, na kila Jumamosi Denise alimdai lake kabla ya salamu. Leo Denise hakudai.

"Vipi, mbona kama msibani?" Suhaib aliuliza. "Denise, leo hutaki gwinya?"

"Leo niko na mfungo," Denise alijibu, macho kwenye rasta.

Ndipo Suhaib alipoliona koti. Mluzi ulikufia mdomoni. Zuhura alikuwa akimtazama usoni wakati huohuo, hakupepesa, maana alijua sura ya kwanza ndiyo isiyodanganya. Haikuwa sura ya furaha ya mtu aliyepata kilichopotea. Ilikuwa hofu.

"Uwanja wa ndege wa Paris wamelirudisha," Zuhura alisema. "Watu wema sana. Wamekushonea na kifungo."

"Zuhura..."

"Wanaitwa Héritière."

"Eish." Aliketi kwenye stuli bila kuambiwa karibu. "Kakwambia nini?"

"Swali hilo huuliza mwizi, Suhaib. Mtu safi huuliza mgeni hajambo, kafika lini."

"Sina lolote na yule dada. Wallahi."

"Koti langu lilikuwa kwake. Umelala huko?"

"Sijalala huko! Nilikula huko, siku moja, na mama yake akiwepo. Walinipikia sombe, kisamvu chao."

"Ngazi ulipanda peke yako. Ndivyo ulivyoniambia."

Suhaib aliinamisha kichwa. "Nilipanda upande wangu peke yangu."

"Ha!" alisema Denise. Wote wawili wakageuka kumtazama. "Sikusema kitu," akasema.

Zuhura alilivua koti kwenye sanamu, akamwekea mapajani. "Nieleze. Anza na kifungo."

Na Suhaib akaeleza, sauti ikimkwamakwama. Ilikuwa siku yao ya mwisho kwenye bonde la Loire. Walipelekwa kwenye pango karibu na Chinon, mishumaa imewashwa juu ya mapipa, mwenye shamba mwenyewe akawamiminia mvinyo mwekundu wa miaka mingi. Meneja wao aliwapanga: kila mhudumu aonje, aseme ameonja nini, kwa kuwa mmoja wao angerudi Johannesburg kuwa msimamizi wa mvinyo wote wa mgahawa. Na meneja alikwisha kumnong'oneza Suhaib kwamba mmoja huyo ni yeye.

"Nikamwambia sionji. Akadhani nina haya. Akasema, si lazima umeze, weka mdomoni uteme, wote hutema. Nikasema hata ulimini sitaweka. Nimeahidi."

"Ukasema hivyo? Mbele za watu?"

"Héritière akayatafsiri. Mwenye shamba akakunja uso, akaona nimemtukania kazi ya mikono yake. Meneja akanisogezea bilauri mpaka hapa," akaonesha kidevu, "nami nikaizuia kwa mkono. Ikanimwagikia. Akanikamata koti kifuani, akanivuta nje. Kifungo kikabaki mkononi mwake."

Nje mtu alipiga honi, kondakta akaita abiria wa Alexandra.

"Héritière akachukua koti akalifue kabla doa halijakaa. Basi letu liliondoka alfajiri, sikumwona tena. Na nilivyorudi..." Akaviangalia vidole vyake. "Simo ukumbini tena, Zuhura. Tangu siku ya kwanza wameniweka nyuma, kwenye masinki. Naosha vyombo."

Vidole vilivyokunjamana. Picha zisizokuja. Kila kitu kilikaa mahali pake kwa urahisi, na urahisi huo wenyewe ukamtia Zuhura wasiwasi. Uongo wa mwanzo nao ulikuwa umekaa vizuri. Airport, Paris, mkanda wa mizigo, afisa mwenye ndevu. Hata ndevu alizitia!

"Na kwa nini nikuamini leo?"

"Kwa sababu ni kweli."

"Hata mwanzo ulisema ni kweli."

Zuhura alilichukua koti, akalipeleka mlangoni penye mwanga. Akaugeuza mkono wa kushoto ndani nje. Pindoni doa lilikuwa limefifia, rangi ya jakaranda iliyokanyagwa. Lakini ndani, kwenye bitana, lilikuwa limepanda mpaka karibu na kiwiko, limechirizika kama njia ya machozi. Alisimama akilifikiri. Mtu anayejimwagia akinywa hulowa kifua. Mvinyo hauwezi kupanda mpaka kiwikoni ila mkono uwe umeinuliwa juu, kiganja mbele, kama askari wa barabarani anayezuia gari. Kifua kilikuwa safi, isipokuwa pale palipochanika kidogo chini ya kifungo, na Héritière, Mungu ambariki, alikuwa ametia kiraka kidogo upande wa ndani.

Alinusa. Sabuni ya maua. Chini yake, kwa mbali, uchachu.

Moyo ulisadiki. Sikio lililodanganywa ndilo lililogoma.

"Kwa nini hukuniambia?" Safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ningekutajia mvinyo wiki mbili kabla ya posa? Ba'mdogo wako angeunusa nikiwa bado mlangoni. Na ningekwambiaje kwamba mwanamume unayemngoja amekwenda kwenye makasri akarudi mwosha sufuria?" Macho yake yalilowa. "Nilitaka posa ipite kwanza. Niliona aibu, Zuhura. Ndiyo hiyo tu."

"Ulinipa ahadi ya mvinyo ukaitimiza mbele ya Wazungu. Kuniambia ukweli mimi, mwanamke mmoja, hapa Berea, ukashindwa."

"Nilishindwa."

Hakujitetea tena. Na hilo lilimuuma Zuhura kuliko kama angebisha, kwa sababu lilimfanya atake kumshika mkono. Alijizuia. Alitazama nje. Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya maghorofa, likibaki kwenye madirisha ya juu tu.

"Inuka," alisema. "Tunakwenda kwa Ba'mdogo."

"Leo? Posa ni kesho."

"Nilimwahidi. Siku nitakayojua umenidanganya nitamwambia, kabla jua halijazama."

Suhaib alisimama taratibu, kama aliyesikia jina lake likiitwa hospitali. "Zuhura. Yule mzee alitafuta sababu mwaka mzima. Unakwenda kumpa?"

"Najua."

"Wajuao ni sisi tu hapa. Denise hatasema, wala mteja wake."

"Mi ni kaburi," alisema Denise, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatania.

"Posa ipite," Suhaib aliomba. "Keshokutwa mwambie yote, nitakuja nipige magoti. Lakini ipite kwanza. Akikataa mara ya tatu, mpenzi, hafungui tena. Unajua alivyo."

Alijua. Ndiyo maana alikuwa bado amesimama mlangoni. Angeweza kungoja. Jua lingezama, kama linavyozama kila siku bila kumuuliza mtu, na kesho angevaa lile baibui jipya, akae chumbani akisikiliza sauti ya Mzee Jumbe sebuleni, na maisha yaanze. Hakuna ambaye angejua. Ila kila asubuhi angeamka kando ya Suhaib akijua kwamba wote wawili wameingia ndani ya nyumba kwa mlango mmoja, na mlango huo ni uongo.

"Wewe bilauri ilikufika kidevuni hukuinywa," alimwambia. "Na mimi yangu imenifika. Unataka niinywe?"

Suhaib alimtazama. Kisha, joto la mwezi wa kumi likiwa bado linapanda kutoka kwenye lami, akalichukua lile koti la sufu, akalivaa, akafunga kifungo chenye uzi mweusi.

"Twende," alisema. "Alione."

* * *

Lifti ya jengo la Ba'mdogo Salum ilikufa zamani. Walipanda kwa miguu, Zuhura mbele, Suhaib nyuma akivuja jasho. Katikati ya safari Zuhura alisimama ashushe pumzi.

"Kule zilikuwa mbili," Suhaib alisema chini yake, polepole. "Hapa ni moja tu."

Zuhura hakuharakisha tena. Alimngoja mpaka alipomfikia.

"Hodi!"

"Karibuni, karibuni!" Ba'mdogo Salum alikuwa sebuleni, kitambaa begani, akifuta vikombe vya kahawa vya wageni wa kesho. Mkeka mpya ulikuwa umetandikwa. Ubani ulikuwa umekwisha kujaribiwa. Uso wa mzee uling'aa namna ambayo Zuhura hakuiona tangu marehemu baba yake alipokuwa hai, na kwa kuuona uso huo, alitamani kurudi alikotoka. Angesema tu shikamoo. Angesema wamepita kusalimia.

"Shikamoo, Ba'mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Na bwana harusi naye! Mbona na koti joto lote hili? Homa?"

Zuhura alitazama dirishani. Kwenye kioo cha jengo la mbele kulibaki mstari mmoja mwekundu, mwembamba kama uzi.

"Ba'mdogo, nilikuahidi jambo."

Kikombe kilisimama ndani ya kitambaa. Mzee hakuuliza ahadi gani. Naye alitazama dirishani, akatazama koti, macho yakatua kwenye doa la pindoni, yakakaa hapo. Ule mng'ao ulimtoka usoni taratibu, Zuhura akiuona ukitoka, akijua kwamba ni yeye aliyeuzima na kwamba huenda asiuone tena.

"Jua bado," mzee alisema hatimaye. Akaweka kikombe chini, akavuta kiti kimoja. Akasita. Kisha akavuta na cha pili. "Nakusikiliza."

Angeweza kuanza na pango, au na bilauri, au na mkono ulioinuliwa mbele ya watu. Hayo yangemsaidia Suhaib. Lakini hayo siyo aliyoahidi.

"Amenidanganya," alisema Zuhura, na nyuma yake akamsikia Suhaib akikisogeza kile kiti cha pili, akaketi.